Dawa ya Meno

Enameli inayofunika jino ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Je, kitu kigumu namna hiyo hutobokaje?

Jaribio: Tia kipande cha ganda la yai katika bilauri yenye siki. Tazama mapovu yanayotoka. Kiache mpaka kesho yake, kisha kibonyeze. Utaona nini?

Asidi iliyomo katika siki imeliyeyusha ganda. Ganda la yai si jino, lakini jino nalo huliwa na asidi. Bakteria waishio katika utando unaonata juu ya meno hutumia sukari tunayokula, nao hutoa asidi. Asidi hiyo huondoa madini ya enameli kidogo kidogo. Mate huyarudisha baadhi ya madini hayo. Lakini mtu akila vitu vitamu mara kwa mara, mate hushindwa, na shimo hutokea. Mfupa uliovunjika huunga. Jino lililotoboka halizibiki lenyewe.

Dawa ya meno ina unga laini, kwa mfano wa chokaa, unaosaidia kuondoa utando. Ina gliserini ili isikauke, mnanaa wa kuipa ladha, na kitu kama sabuni. Watu wengi hupenda povu, ingawa silo lilindalo jino. Kilicho muhimu zaidi ni kidogo sana: floraidi, kwa kawaida gramu 1 hadi 1.5 katika kilo nzima ya dawa. Floraidi huungana na madini yanayorudi katika enameli, na enameli hiyo hustahimili asidi zaidi. Kwa hiyo ukimaliza kupiga mswaki tema povu, lakini usisukutue kwa maji mengi. Asiye na dawa atumie mswaki wa mti, kwani kusugua kwenyewe huondoa utando.

Je, floraidi ikizidi ni bora? Kandokando ya Mlima Meru, mkoani Arusha, wako watu wengi wenye meno ya rangi ya kahawia. Si wachafu. Baadhi ya chemchemi na mito ya huko ina floraidi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita, ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake yangali yanaumbika ndani ya ufizi, hupata madoa ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi.

Maswali
1. Kwa nini hatupaswi kumeza dawa ya meno?
2. Juma hula peremende kumi kwa pamoja. Asha hula kumi, moja moja, kutwa nzima. Meno ya nani yamo hatarini zaidi? Eleza.