Somo la Mwezi: Mbwa Asiye na Mwenyewe

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:1-4, Mithali 12:10, Luka 16:19-21



Huenda wengine wenu mtashangaa kuona gazeti la mtaa linafundisha habari za mbwa. Lakini nani kati yetu hajawapita mbwa koko pale jalalani au nyuma ya soko, wenye vidonda na mbavu za kuhesabika? Na wengi wetu twajua walivyofika pale. Mbwa wa nyumbani amezaa. Madume wamegawiwa majirani, na majike wametiwa guniani wakaenda kutupwa mbali. Wengi hufa. Wanaopona huzaa nao, watoto wetu huumwa, na hapo ndipo twataka mbwa wote wauawe. Basi tufungue Maandiko, tuone tumeagizwa nini.

1. Torati yatufundisha kutunza

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mtu akimwona ng'ombe au kondoo wa ndugu yake amepotea, hana ruhusa ya kujifanya hakuona. Yampasa amrudishe. Mwenyewe akiwa mbali, au asipojulikana, basi amweke nyumbani kwake mpaka atakapokuja kutafutwa. Tuangalie vizuri: sheria hii haikutaja huruma ya moyoni. Imetaja kazi: kuona, kuchukua, kutunza. Nayo Mithali 12:10 yampima mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake.

Tulishike neno hilo, "wake". Mnyama mwenye mwenyewe ana mtu wa kuulizwa habari zake: amekula? amechanjwa? usiku yuko wapi? Asiye na mwenyewe hana. Kumtupia mbwa mfupa njiani ni vema, lakini hajaokolewa bado. Ameokolewa siku anapopata mwenyewe.

Wako watakaosema, "Watu wenyewe wana njaa, mnatuambia mbwa?" Tusome Luka 16. Lazaro na mbwa walikuwa kwenye mlango mmoja, na yule tajiri aliwapita wote. Macho yaliyozoea kutomwona mmoja hayakumwona na wa pili.

2. Mfano wa waliotutangulia

Mwaka 1824, huko London, padre wa Kianglikana aitwaye Arthur Broome alikusanya watu wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Aliacha mtaa wake ili akitumikie chama hicho, na mwaka 1826 akafungwa gerezani kwa madeni ya chama. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo William Wilberforce, yule aliyepigana bungeni mpaka biashara ya watumwa ikapigwa marufuku katika dola ya Waingereza mwaka 1807. Sisi wa Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na mahali pake pakajengwa Kanisa Kuu la Mkunazini, tusidhani kwamba anayemhurumia mnyama amewasahau wanadamu.

Tena mwaka 1860, Bibi Mary Tealby, akisaidiwa na ndugu yake Edward Bates aliyekuwa padre, alifungua nyumba ya mbwa waliopotea huko Holloway, London. Magazeti yalimcheka. Bibi huyu alifariki mwaka 1865, lakini nyumba yake ilihamia Battersea mwaka 1871, na mpaka leo ipo, ikipokea mbwa na kuwatafutia wenyewe wapya.

3. Huruma iwe na akili

Sasa tuje kwetu. Mbwa wa jalalani si wa kukumbatiwa ovyo, kwa maana kipo kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Dalili zikishaonekana, kupona ni nadra mno. Kwa hiyo watoto wasitumwe kuokota mbwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshwe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Lakini kuwaua mbwa ovyo hakumalizi ugonjwa. Chanjo ndiyo huumaliza. Wataalamu wasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Kisiwa cha Pemba kilifanya hivyo, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Chanjo ilipolegea uliingia tena mwaka 2016. Mbwa wakachanjwa upya, na mwaka 2018 ukakomeshwa.

Hivyo basi, anayetaka kumchukua mbwa koko afuate taratibu hii:

(a) Aulize kwanza kama ana mwenyewe.
(b) Amwite Bwana Mifugo amtazame, amchanje na kumpa dawa ya minyoo. Chanjo ya kichaa irudiwe kwa wakati wake.
(c) Dume ahasiwe, na jike afungwe kizazi. Tusipofanya hivi, gunia litarudi jalalani.
(d) Apewe maji, chakula, kivuli na kazi yake ya ulinzi. Mnyororo mfupi mchana na usiku si ulinzi, ni kifungo.
(e) Asiyeweza kumtunza amtafutie mwenye nafasi, wala asimwachie njiani.

Tena tuwaheshimu jirani zetu. Waislamu hujitenga na mate ya mbwa kwa ajili ya usafi wa ibada. Mbwa wetu asizurure kwenye milango yao. Nao wana hadithi mashuhuri ya mtu aliyemtekea maji kisimani mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Katika jambo hili twaweza kushirikiana nao.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumbani kwetu, vitoto vya mbwa vikizaliwa vingi, hupelekwa wapi? Nani huvipeleka?
2. Je, mbwa wetu wote wamechanjwa mwaka huu? Kama bado, ni nini kimezuia?
3. Kanisa letu laweza kuomba ofisi ya mifugo ije kuchanja mbwa kiwanjani petu siku moja? Nani atakwenda kuomba?

Tuombe

Ee Mungu, uliyeumba kila kiumbe chenye pumzi, utusamehe tulivyotupa ulivyotukabidhi. Utupe macho ya kuona, mikono ya kutunza, na akili ya kuwalinda watoto wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.