Dondoo Muhimu: Ukienda Kuona Kumbukumbu za Ubaguzi Afrika Kusini

• Kisiwa cha Robben kiweke mwanzoni mwa safari, si siku ya mwisho. Upepo wa Cape Town ukichafuka boti haziondoki, nawe utabaki gatini na tiketi mkononi. Kwenda, kutembezwa na kurudi ni kama saa tatu na nusu, beba sweta. Katika gereza alimokaa Mandela miaka 18, wageni hutembezwa na watu waliowahi kufungwa humo. Waulize maswali, ila usimchokonoe mtu kidonda.

• Johannesburg, kwenye Makumbusho ya Apartheid, tiketi hukupangia mlango: wa “weupe” au wa “wasio weupe”. Mkiwa wawili huenda mkatenganishwa. Msibadilishane tiketi, hata mkijisikia wajinga. Picha za humo ni kali. Watoto wadogo wabaki na mtu.

• Soweto, penye kumbukumbu ya Hector Pieterson, mwanafunzi wa miaka 12 aliyeuawa na polisi Juni 16, 1976, si mahali pa selfi.

• Nauli ya Afrika Kusini haitoshi? Nenda Mazimbu, Morogoro, Tanzania, ilipokuwa hadi 1992 shule ya ANC, chama kilichopigania uhuru wa Afrika Kusini. Makaburi ya wapigania uhuru yapo palepale.