Kelele ya Umeme Katika Injini ya Mbio



Zamani kabureta ndiyo ilichanganya hewa na esanse. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliweka katika Volkswagen 1600 injeksio inayoongozwa na sanduku la elektroniki. Leo motokari nyingi za mbio zinaendeshwa hivyo. Sanduku hilo lina ugonjwa wake: injini inakohoa, au inazimika ghafula. Fundi anabadilisha pompi, anabadilisha filta, na ugonjwa unabaki.

Sababu ni nini?

Buji inapotoa cheche, bobini inatuma umeme wa volti 20,000 na zaidi. Cheche hiyo inarusha kelele ya umeme pande zote, kama ile unayosikia katika redio. Karibu yake kuna kipima mzunguko. Injini ikizunguka polepole, chenyewe kinatuma kwa sanduku umeme mdogo sana, pengine hata volti moja haifiki. Kelele ikiingia katika waya wake, sanduku linahesabu mizunguko ya uongo na kupuliza esanse saa isiyofaa. Fikiri dereva aliye katika kona, wenzake wanamfuata kwa mbio, na injini yake inakufa!

Ufanye nini?

1. Weka buji zenye rezistansi ndani, ya omu 5,000 hivi. Kwa NGK, tafuta herufi R katika namba yake.

2. Shaba tunayoichimba inapitisha umeme vizuri kabisa. Lakini usiweke waya za buji zenye shaba tupu ndani. Chukua zile za kaboni au za kuzungushwa, zinazopunguza kelele.

3. Usifunge pamoja waya za buji na waya za sanduku. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

4. Waya mbili za kipima mzunguko zisokotwe pamoja na kuvikwa koti la wavu wa chuma. Koti lifungwe kwa masi upande mmoja tu, upande wa sanduku.

5. Sanduku lipate umeme wake moja kwa moja kutoka batri. Injini iunganishwe na batri kwa waya mnene. Ondoa kutu na rangi pale masi inapofungwa.

Angalisho

Usivute waya wa buji injini ikizunguka. Umeme wake unaweza kukutupa chini, na cheche moja inatosha kuwasha mvuke wa esanse. Zima injini kwanza, ondoa waya wa batri, ndipo uguse. Watoto wasisimame karibu.

Basi, injini ikikohoa, usikimbilie kulaumu esanse. Fuata waya moja moja kwa macho na kwa mkono. Kazi hiyo ya saa moja inaweza kuokoa maisha ya dereva.