Maji Yenye Chumvi Chache Mno: Jambo la Kuuliza Kabla ya Kununua Vifaranga vya Samaki

Mfugaji wa samaki wa Mbulu au Hanang hahitaji kufundishwa ubaya wa chumvi nyingi. Ziwa Balangida li karibu naye. Kinachosahauliwa ni upande wa pili, yaani maji yenye chumvichumvi chache mno, hasa ya mvua yanayovunwa kwenye mapaa ya bati na kujazwa katika bwawa la turubai, ambamo hayagusi udongo wa kuyaongezea madini.

Hali hiyo hutambuliwa kwa kupima uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa maikrosimensi kwa sentimita. Maji ya bahari hukaribia 50,000. Mito inayostawisha samaki wa maji baridi kwa kawaida huwa kati ya 150 na 500, ilhali maji ya mvua mara nyingi hayafiki 50. Anayedai kwamba namba ndogo ni ushahidi wa maji bora amesema kweli kuhusu betri ya gari, si kuhusu samaki.

Damu ya samaki hao ina chumvi nyingi kuliko maji yanayowazunguka. Kwa hiyo maji huwaingia mfululizo kupitia mashavu, na chumvi huwatoka. Hujiokoa kwa kukojoa sana na kwa kufyonza tena chumvi kwa mashavu hayohayo, kazi inayokula nguvu. Chumvi zikipungua majini, kazi huongezeka, na chakula kilichonunuliwa huishia humo badala ya kuwa mnofu. Kalsiamu ikikosekana, mashavu huvuja zaidi, mifupa ya vifaranga hudhoofika, na konokono hushindwa kujenga makombe imara. Perege huvumilia mengi. Lakini kifaranga aliyelelewa katika maji ya kisima yenye madini, akitumbukizwa ghafla katika maji ya mvua, anaweza kufa upesi, na mnunuzi akadhani ameuziwa wagonjwa.

Tunashauri mnunuzi aulize kipimo cha maji ya muuzaji kabla ya kutoa fedha, akilinganishe na cha bwawa lake. Vikitofautiana, maji ya bwawa yaongezwe katika chombo cha vifaranga kidogo kidogo, kwa muda usiopungua nusu saa. Chokaa ya kilimo itiwe bwawani kabla vifaranga hawajafika, kwa kiasi atakachoelekeza afisa uvuvi wa wilaya. Chokaa ya kupaka kuta isitumike kamwe penye samaki, kwani huunguza mashavu. Tena, kifaa cha kupimia hakitofautishi chumvi: maji ya magadi yanaweza kuonyesha namba kubwa huku kalsiamu ikiwa haba. Afisa huyo aombwe kupima ugumu wa maji pia.