Unapanda Mlima Elgon? Panga Pesa Kabla Mtandao Haujapotea

Umepanga kwenda Mlima Elgon likizo hii? Umechagua vizuri. Mbuga hii iko Trans Nzoia, mpakani na Uganda, na ukitokea Kitale unapita Endebess kufika lango la Chorlim. Ndani kuna pango la Kitum, ambako ndovu huingia gizani kutafuta chumvi kwenye mawe. Juu upande wa Kenya kuna kilele cha Koitoboss, mita 4,222.

Lakini mtandao haushiki kila mahali huko, na bila mtandao pesa ziko kwa simu na huwezi kuzituma. Kwa hivyo tujipange mapema.

1. Lipa kiingilio ukiwa bado mjini. Malipo ya mbuga za KWS hupitia eCitizen, si pesa taslimu langoni. Ukishalipa, piga picha ya skrini ya risiti. Ukingoja kuifungua kwa barua pepe pale langoni, intaneti inaweza kukuangusha.

2. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Kama unamlipa mwelekezi malipo ya kwanza, hakikisha jina linalotokea ni la mtu mliyeongea naye. Mtu akikuambia umtumie kiingilio cha mbuga kwa namba yake binafsi, usitume, hata akikuahidi bei nafuu.

3. Toa pesa kiasi Kitale. Utahitaji nauli ya boda na vitu vidogo njiani, na wakala wa kituo kidogo anaweza kuishiwa na float. Usitoe zote, lakini. Noti zikianguka msituni zimeenda, ila simu ikipotea pesa zako bado zinalindwa na PIN. Pigia huduma kwa wateja haraka laini ifungwe.

4. Malipo yakikwama, usirudie mara moja. Hapa ndipo wengi hulipa mara mbili. Ukibonyeza kutuma, ombi lako linasafiri hadi kwetu, tunahamisha pesa, kisha ujumbe unarudi kwako. Mtandao ukikatika wakati ujumbe unarudi, pesa zimeshaenda ila wewe hujui. Angalia salio kwanza. Tuseme ulikuwa na shilingi 6,000 na ulikuwa unalipa 2,500. Ukipata salio ni 3,500 au pungufu kidogo kwa sababu ya ada, malipo yamepita. Ukipata bado ni 6,000, subiri kidogo, angalia tena, ndipo ujaribu upya.

5. Chunga mtandao wa jirani. Karibu na mpaka, simu inaweza kushika mtandao wa Uganda na ukatozwa zaidi. Nenda kwa mipangilio ya simu, zima roaming, kisha chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague.

6. Linda chaji. Baridi ya mlimani humaliza betri haraka. Zima simu usipoitumia, na usiku ilaze ndani ya blanketi, karibu na mwili.

Kabla hujatoka Kitale, jiulize: risiti iko kwa simu? Salio linatosha kurudi nyumbani? Kuna mtu anayejua umeingia lango gani na utatoka lini? Kama yote ni ndiyo, funga viatu vyako. Safari njema!