Tairi la Gari kama Zana ya Kufundishia Mzingo wa Duara

Utangulizi

Mwanafunzi wa ualimu anapoandaa somo la mzingo wa duara, mara nyingi huchora duara ubaoni, huandika kanuni, kisha huwapa watoto maswali kumi ya kukokotoa. Watoto hupata majibu, nao mwalimu huridhika. Lakini ukimwuliza mtoto yuleyule jioni kwamba mzingo una faida gani, hana la kusema. Makala haya yanaeleza njia moja ya kuondoa upungufu huo katika Darasa la Sita, kwa kutumia kitu kinachopatikana karibu na kila shule ya Nyanda za Juu Kusini, yaani tairi.

Chanzo cha somo hili

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikizungukia shule kukagua mazoezi ya kufundisha. Tulisafiri kwa Land Rover ya zamani, aina ya 109, iliyokuwa imewekewa matairi mawili mapya mbele. Matairi ya nyuma yalikuwa yale ya awali. Kwa macho, yote yalionekana kuwa mamoja. Katika barabara kuu ya lami hatukuona shida. Tulipoingia njia ya udongo mwekundu, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, dereva aliunganisha mtambo wa kuendesha magurudumu yote manne, nasi tukavuka matope. Tulipofika penye changarawe ngumu, usukani ulikuwa mzito mno, na mtambo ule ukakataa kuachia. Tulikaa pale hadi alipopatikana fundi. Aliinua gurudumu moja la mbele kwa jeki, nalo likafyatuka na kuzunguka lenyewe kama kamba iliyosokotwa kisha ikaachiwa.

Fundi alinionyesha maandishi ubavuni mwa matairi: nyuma 7.50R16, mbele 205R16. “Mwalimu,” akasema, “haya hayalingani, na namba zake ziko wazi.” Nilikuwa nimefundisha mzingo wa duara kwa miaka minane, lakini sikuweza kuzisoma namba hizo. Tulipofika shuleni watoto walikuwa wamekwisha kwenda makwao, na mwanafunzi wa ualimu aliyekuwa akinisubiri alikuwa amefundisha somo lake bila mkaguzi. Tangu siku hiyo sifundishi mzingo bila tairi.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa vipindi viwili, kila mtoto aweze: (a) kusoma vipimo vilivyoandikwa kwenye tairi, (b) kupata kipenyo na mzingo wake kwa kupima na kwa kukokotoa, (c) kuamua, kwa kutoa sababu, ni tairi gani linalofaa gari fulani.

Zana

Tafuta tairi moja bovu kwa fundi wa pancha, kamba ya mita tatu, rula ya mita na chaki. Gurudumu la baiskeli au la mkokoteni lifae kwa kulinganisha. Liweke tairi uwanjani, si mbele ya darasa, ili kila kundi liliguse. Angalia sana wasichana wasiachiwe kazi ya kuandika tu huku wavulana wakipima.

Hatua ya kwanza: kusoma

Waache watoto waandike kila tarakimu wanayoiona. Usiwaeleze maana kwanza. Kisha chukua mfano wa 235/85R16. Namba 235 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 85 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. R huonyesha kuwa tairi ni la radiali, na 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Katika mtindo wa zamani, 7.50R16, upana wenyewe hutolewa kwa inchi.

Baada ya vipimo hufuata namba ya uzito. 120 maana yake ni kilo 1,400 kwa tairi moja, na 104 ni kilo 900. Tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT ni tarehe ya kutengenezwa: 1411 ni juma la 14 la mwaka 2011. Hapa mtoto anaona asilimia, inchi, milimita na kilo vikifanya kazi mahali pamoja.

Hatua ya pili: kupima na kukokotoa

Kila kundi lizungushe kamba kwenye tairi, lipime mzingo, kisha lipime kipenyo. Wagawanye mzingo kwa kipenyo. Watapata majibu yanayokaribia 3 na kidogo. Hapo ndipo mahali pa kuitaja pai, baada ya mikono ya watoto kuigundua.

Sasa wakokotoe kutokana na maandishi. Ubavu wa 235/85R16 ni 235 × 85/100, yaani karibu milimita 200. Bavu mbili ni 400. Ringi ya inchi 16 ni 16 × 25.4, yaani karibu 406. Kipenyo ni milimita 806, na mzingo, kwa kutumia 22/7, ni karibu mita 2.53. Tairi la 7.50R16 la Land Rover yetu lina kimo kinachokaribiana sana na hicho.

Kwa 205R16 asilimia ya ubavu haikuandikwa. Tukichukua 80, kipenyo ni karibu milimita 734, na mzingo ni mita 2.31.

Uliza: katika kilomita moja, kila tairi litazunguka mara ngapi? La kwanza karibu mara 395, la pili karibu mara 433. Tofauti ni 38. Katika Land Rover ya aina ile, mtambo wa magurudumu manne ukiunganishwa, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka sawa. Kwenye matope tairi huteleza na tofauti hupotea. Kwenye ardhi ngumu haina pa kupotelea, hivyo hukusanyika ndani ya giaboksi na ekseli. Watoto wakishafika hapa, wameeleza kwa hesabu jambo lililonishinda mimi barabarani.

Swali la nyongeza kwa wepesi: gari lililopimiwa 205R16 limewekewa matairi makubwa ya 235/85R16. Dereva anateremka Kitonga, na kipima mwendo kinaonyesha kilomita 40 kwa saa. Mwendo wake wa kweli ni upi? Ni 40 × 806/734, yaani karibu 44. Gari linakwenda kasi kuliko dereva anavyoamini.

Hatua ya tatu: kuamua

Hii ndiyo hatua ambayo wanafunzi wengi wa ualimu huiacha, nayo ndiyo kiini cha somo. Waambie watoto kuwa Land Rover 109 ya zahanati, iliyokuwa ikitumia 7.50R16, inahitaji matairi kabla ya masika. Ringi zake zina upana wa inchi 5.5. Duka lina:

A: mapya manne ya 235/85R16.
B: mapya mawili ya 205R16, bei nafuu, ya kuwekwa mbele tu.
C: ya mtumba manne ya 7.50R16, kashata nene, yenye tarakimu 1411.
D: mapya manne ya 7.50R16, bei kubwa kuliko yote.

Kila kundi lichague na kujitetea. Wengi watakimbilia B kwa ajili ya bei, na wengine C kwa ajili ya kashata. Usiwakatize, waulize tu namba zinasemaje. B haifai kwa sababu ya mzingo, na pia uzito: tairi la 104 hubeba kilo 900 tu, na gari la zahanati hujaa watu na mizigo. C ina kashata, lakini mpira wake ni wa mwaka 2011. Mpira hukauka na kupasuka hata usipotumika. A ina kimo sawa, lakini huhitaji ringi ya upana usiopungua inchi 6. Kwa hiyo anayechagua A atanunua na ringi pia, nazo ni lazima ziwe na matundu matano yaliyopangwa katika duara la milimita 165.1, kama Land Rover inavyotaka. Ringi za Land Cruiser nyingi za zamani zina matundu sita katika duara la milimita 139.7, hivyo haziingii. Linabaki D, pamoja na tyubu zake, kwa kuwa ringi zile za zamani zilizopigwa ribiti huvuja upepo bila tyubu.

Watoto watauliza: kama hela hazitoshi? Hilo ni swali jema. Mwalimu asilifunge kwa jibu lake. Waulize ni safari ngapi gari lingeweza kusubiri, na nani angebaki kijijini akingoja.

Makosa ya kuepuka

Kwanza, usianze na kanuni. Pili, usidhani kila mtoto amewahi kupanda gari. Kwa anayejua mkokoteni au baiskeli tu, anzia hapo. Tatu, usiogope kusema mbele ya darasa kwamba wewe pia hukujua. Watoto wangu wa mwisho niliowafundisha somo hili walicheka sana niliposimulia habari ya jeki. Kisha wakatoka nje wenyewe wakati wa mapumziko, wakasoma matairi ya lori la mahindi lililoegeshwa karibu na uwanja wa shule, na mmoja wao akarudi mbio kumwambia dereva kwamba moja la nyuma halifanani na mwenzake.