Umeme Unang'arisha Chuma

Mtoto akipewa sahani ya shaba iliyochafuka, atafanya nini? Atatwaa majivu na kitambaa, atasugua kwa nguvu. Sahani itang'aa. Je, sasa ni laini kabisa? Tuitazame kwa kioo kinachokuza vitu. Lo! Tunaona mikwaruzo mingi. Weusi umeondoka, lakini kusugua kumechimba mifereji midogo.

Zamani mafundi walisugua hivyo. Katika miaka ya 1930, Mfaransa mmoja, jina lake Pierre Jacquet, alionyesha njia nyingine. Alitia shaba ndani ya asidi ya fosforasi, akapitisha umeme. Shaba ikatoka inang'aa kama kioo, wala hakuna mkono ulioisugua.

Umeme unafanyaje kazi hiyo? Fundi anafunga chombo kwenye waya unaotoka upande wa betri wenye alama +. Bamba jingine analifunga upande wenye alama –. Vyote viwili anavitumbukiza katika asidi, visigusane. Umeme ukipita, chembe ndogo sana zinatoka juu ya chombo na kuyeyuka.

Uso wa chombo ni kama nchi yenye vilima na mabonde. Maji mazito yenye chuma kilichoyeyuka yanalala mabondeni, kama ukungu wa asubuhi. Juu ya vilima ni machache. Kwa hiyo vilima vinayeyuka upesi, mabonde yanayeyuka polepole. Mwishoni nchi inakuwa tambarare. Kinachoondoka ni chembamba kuliko unywele. Ndiyo sababu ufa unaoingia ndani sana hautoki.

Faida yake ni nini? Fikirini visu vya daktari. Katika mikwaruzo, damu na vijidudu hujificha, na ugonjwa wa mtu wa leo waweza kumpata mtu wa kesho. Chuma kilicholainishwa kwa umeme huoshwa kwa urahisi, wala hakishiki kutu upesi.

Lakini angalieni: kung'aa si usafi. Hata kisu kinachong'aa lazima kioshwe, kisha kitiwe katika mvuke wenye moto mkali, ndipo kimguse mgonjwa.

Tena, asidi inaunguza macho na ngozi. Kazi hii ni ya fundi, si mchezo wa watoto.

Maswali
1. Kwa nini kusugua hakulainishi sahani kabisa?
2. Chombo kinafungwa upande gani wa betri?
3. Kwa nini vilima vinayeyuka kabla ya mabonde?
4. Kisu kinachong'aa kinaoshwa kwa sababu gani?